Simu moja, wanafunzi sabini na wawili, mwanasayansi mmoja: jibu kwa mwalimu wa Mbagala

*Swali: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya kata huku Mbagala. Kidato cha Tatu nina wanafunzi 72 katika mkondo mmoja. Jengo la maabara tunalo, vifaa ni haba. Nimesikia kuna walimu wanaowakutanisha wanafunzi na wanasayansi kwa njia ya mtandao, wakaongea nao moja kwa moja. Nina simu yangu, kishikwambi nilichopewa na serikali, na spika ya kuazima. Je, jambo hili linawezekana kwetu, au ni la shule za ada za mamilioni? Nikimpata huyo mwanasayansi, nifanyeje isiwe hotuba nyingine ya kuwasinzisha watoto? Na wasichana wangu, ambao hata mimi hawaniulizi, watamuuliza mgeni?*

Mwalimu mwenzangu, linawezekana, tena kwa vifaa hivyohivyo ulivyovitaja. Nilifundisha fizikia kabla ya kuingia kwenye kazi hii ya kuunganisha madarasa na watafiti, na mazungumzo mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaandaa hapa Dar yalifanyika kwa simu moja iliyoegemezwa kwenye kopo la chaki. Kwa hiyo vifaa tutavigusia baadaye. Nianze na hofu yako ya hotuba, maana hapo ndipo kazi yote ilipo.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu, kama hao wanafunzi wako, katika Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ikawa ya kugombania, naye akayatia yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakapata neno la kumtania kila alipokosea hesabu. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kuzungumzia fizikia na maendeleo ya taifa. Mpemba akasimama mbele ya shule akauliza: ukichukua maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo ule ule, ukayaweka kwenye friza, yale ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda. Kwa nini?

Osborne hakuamini. Lakini hakumzima. Aliporudi Dar alimwomba fundi wa maabara ajaribu, na fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia, akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba wakachapisha makala kwa pamoja, Mpemba wakati huo akisoma Chuo cha Wanyamapori Mweka. Wanafizikia hawajamaliza kubishana hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima upya kwa uangalifu mkubwa, wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa kuridhisha wa jambo hilo.

Nimeirudia hadithi hii, ingawa labda unaifahamu, kwa sababu ya kitu kimoja. Kilichobaki hadi leo katika ziara ile ni swali la mwanafunzi, na mgeni aliyekubali kwenda nalo nyumbani. Hotuba aliyokuja kuitoa haikumbukwi na mtu. Ukiyapanga mazungumzo yako kuanzia kwa mgeni (nani, ana shahada gani, atafundisha nini) utapata hotuba hata kama mgeni mwenyewe ni mcheshi. Yapange kuanzia kwenye maswali ya watoto.

Na maswali hayaji yenyewe. Ukiwaambia, "Kesho tuna mwanasayansi, andaeni maswali," utaletewa yale wanayoyasikia redioni: umefikaje hapo ulipo, unakutana na changamoto gani, una ushauri gani kwa vijana. Sizilaumu akili zao, hawajaonyeshwa namna nyingine. Wiki nzima kabla ya siku yenyewe, gawa vipande vya karatasi, kila mmoja aandike kitu alichokiona kwa macho yake, nyumbani au njiani, ambacho hakielewi. Kwa Kiswahili, bila jina. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na bahari iko mbali, imefikaje? Chandarua kipya kinawasha usoni usiku wa kwanza, ni dawa gani hiyo? Mbu akinywa damu ya mgonjwa wa malaria, mbona yeye haumwi? Hayo matatu nimeyatoa kwenye masanduku ya maswali ya shule za Dar, na kila moja linaweza kumkalisha mtafiti kimya kwa muda.

Hilo la mbu nililishuhudia. Liliandikwa na msichana wa Kidato cha Pili, na mtafiti aliyelipokea alikuwa ndani ya chumba cha kufugia mbu. Alikuwa amepanga kuanza na historia ya malaria. Nilimwomba asianze nayo, badala yake asogeze simu kwenye kizimba cha chandarua, aonyeshe pamba iliyoloweshwa maji ya sukari na mbu waliotua juu yake. Darasa likasogea mbele lote. Akawaonyesha dume kwa vipapasio vyake vyenye manyoya manene kama brashi, akaeleza kwamba dume haumi mtu, anayehitaji damu ni jike kwa ajili ya mayai yake. Ndipo swali likasomwa. Akaeleza jinsi vimelea vinavyopenya ukuta wa tumbo la mbu, vikakua hapo nje ya tumbo, vikasafiri hadi kwenye tezi za mate, safari ya kama siku kumi hadi kumi na nne, na kwamba mbu wengi hufa kabla haijakamilika. Akanyamaza. Kisha akasema: kama mbu mwenyewe anaumia au haumii, watafiti bado wanavutana, kuna majaribio yanayoonyesha anadhoofika na mengine hayaonyeshi kitu. "Hata mimi sijui." Ungeuona uso wa yule msichana! Alikuwa hajawahi kumsikia mtu mwenye elimu akisema hajui, na akaligundua hilo kwa swali lake yeye.

Kwa hiyo mwombe mgeni wako mambo mawili tu: asilete slaidi, na awe na kitu kimoja cha kuonyesha, kiwe kizimba, udongo, mwamba, hata daftari lake la kumbukumbu lenye madoa. Mtumie maswali matano siku tatu kabla ili asije mikono mitupu. Mengine yaache yamkute palepale. Dakika mbili za kujitambulisha zinatosha. Kipindi chako kimoja ni dakika 40, na toa kumi za simu kukataa na watoto kutulia. Kuna mpango wa kimataifa unaowaunganisha wanafunzi na wanaanga walioko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa mawimbi ya redio. Kituo kile kinapita juu ya upeo wa macho kwa dakika kama kumi tu, kikishazama mawasiliano yamekatika. Watoto hupangwa mstari, kila mmoja na swali lake mkononi, lililo bora likitangulia. Panga mstari wako hivyohivyo, hata kama mgeni wako yuko Kunduchi tu. Umeme au bando likikatika dakika ya ishirini, maswali yenye uzito yatakuwa yameshaulizwa.

Lugha. Najua utaratibu wa sekondari ni Kiingereza, na najua kuna mkuu wa shule atakayependa mgeni azungumze Kiingereza ili watoto "wajifunze". Mimi nashikilia Kiswahili, na hapa sina nusu msimamo. Nimekaa kwenye madarasa ambayo mwanafunzi ameamka na swali zuri, akaanza kulitafutia Kiingereza, likapungua, likapungua, akaishia kuuliza maana ya neno. Tatizo lililobaki ni la mgeni: amesomea mambo yake yote kwa Kiingereza, akifika kwenye kimelea au kinasaba au kingamwili anakwama. Mtumie orodha fupi ya maneno hayo mapema. Akichanganya lugha, achanganye, wewe andika neno ubaoni.

Sasa vifaa. Saa nzima ya video inaweza kula kuanzia nusu GB hadi GB moja na zaidi, wakati saa nzima ya sauti peke yake kwa kawaida haifiki hata MB 100. Washa video mara mbili: wakati wa salamu, na mgeni anapoonyesha kile kitu chake. Katikati endeleeni kwa sauti, usikivu huwa bora zaidi. Kishikwambi mbele ya watoto 72 ni kidogo mno, kwa hiyo omba picha mbili tatu mapema zichapishwe zizungushwe darasani. Simu ikae mezani mbele, muulizaji aje mpaka pale asogeze mdomo. Na angalia majira. Mvua ya masika ikipiga bati, spika yako ya kuazima haitasikika hata na waliokaa mstari wa kwanza. Namba ya pili ya simu ya mgeni uwe nayo pia, kwa ajili ya kumpigia kawaida mtandao ukigoma. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, wengi tulirudi kwenye simu za kawaida, na mwanafunzi akiuliza kwa simu ya kawaida swali lake halipungui kitu.

Jambo moja dogo lililonigharimu darasa zima: saa. Niliwahi kumwandikia mtafiti wa Kitanzania anayesoma Ulaya kwamba tukutane saa 4. Mimi nilimaanisha saa nne asubuhi. Ujumbe wote ulikuwa kwa Kiingereza, naye akaelewa saa kumi jioni. Watoto walikaa wakisubiri mpaka kengele ikalia. Andika vyote viwili: saa nne asubuhi, yaani 10:00 kwa saa za Afrika Mashariki.

Mwanasayansi atoke wapi? Usianze mbali. Mji huu unao wengi kuliko tunavyodhani. Chuo Kikuu Mlimani, Muhimbili, Chuo Kikuu Ardhi, Taasisi ya Afya Ifakara, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Mamlaka ya Hali ya Hewa, watafiti wa samaki walioko Kunduchi, na nje kidogo ya mji, wa bahari walioko Zanzibar, wa kilimo walioko Morogoro. Barua kwa mkurugenzi huchukua muda kupanda na kushuka ngazi, ingawa kwa adabu ya kazi ipelekwe. Wanaojibu haraka ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na mafundi sanifu wa maabara, watu wanaoshika vifaa kila siku na ambao mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza kazi yao inakwendaje. Ujumbe uwe mfupi, na uwe na swali la mtoto ndani yake: "Mimi ni mwalimu wa baiolojia, Mbagala. Mwanafunzi wangu ameuliza kwa nini maji ya kisima chao yana chumvi. Tunaomba dakika 30 zako kwa simu, kwa Kiswahili, huhitaji kuandaa somo." Nimeona watu wenye kazi nyingi wakikubali ujumbe wa namna hiyo siku hiyohiyo, kwa sababu swali limewawasha.

Mipango ya nje ipo na ni mizuri. Mmoja ulianzishwa Marekani na Sarah McAnulty, mtafiti wa ngisi, na tangu mwaka 2017 unaunganisha madarasa na wanasayansi kwa video bila malipo. Uingereza upo mwingine wa maandishi matupu: wanafunzi wanaandika maswali, wanasayansi kadhaa wanajibu papo hapo, na mwishoni watoto wanampigia kura aliyewaridhisha. Huo ulifika hata Kilifi, kwa majirani zetu Kenya, kupitia watafiti wa afya wa kule. Nautaja kwa sababu ya lile swali lako la wasichana.

Katika maandishi hakuna sauti ya kutetemeka na hakuna anayegeuka kukutazama. Mwanafunzi asiyeinua mkono mwaka mzima huandika maswali manne mfululizo. Wewe huna kompyuta 72, lakini unazo karatasi. Maswali yakikusanywa bila majina na kusomwa na msichana mmoja na mvulana mmoja kwa zamu, aibu inapungua sana, na baada ya swali la tatu la nne wenye maswali huanza kujitokeza wenyewe kufuatilia. Wape wasichana zamu ya kwanza. Mgeni wako wa kwanza, ukiweza, awe mwanamke.

Tena fanya hivi kabla hujawatajia mgeni: waambie wachore mwanasayansi. Mwaka 1983 mtafiti David Wade Chambers alichapisha matokeo ya michoro ya watoto 4,807, wengi wao wa Kanada. Wanasayansi wanawake walikuwa 28 tu, na wote 28 walichorwa na wasichana. Tafiti za baadaye zimeonyesha hali imebadilika kiasi, ila bado. Kwenye darasa moja la huku Temeke niliona karatasi baada ya karatasi ya mzee wa Kizungu mwenye nywele zilizosimama. Kisha simu ikawashwa akatokea binti wa miaka ishirini na saba, amefunga kilemba, koti jeupe limekunjwa mikono. Darasa zima likasimama: "Shikamoo!" Akaitikia marahaba huku akicheka, akawaomba wamwite Dada. Waliporudia kuchora baada ya wiki mbili, kilemba kilionekana kwenye karatasi nyingi. Kwenye mojawapo, ya msichana wa dawati la nyuma, kulikuwa na kilemba na sare ya shule kwa pamoja.

Usalama wa watoto hauna mjadala, na ningeomba usome sehemu hii mara mbili. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, wote walio chini ya miaka 18 ni watoto, na tangu kuwepo kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha, sauti na majina yao si vitu vya kurushwa ovyo kwenye makundi ya WhatsApp. Pata kibali cha mkuu wa shule kwa maandishi, mjulishe afisa elimu sekondari wa manispaa, wazazi wapelekewe barua. Simu ni yako au ya shule, kamwe si ya mwanafunzi. Namba za watoto zisitolewe kwa mgeni wala ya mgeni kwa watoto, hata mgeni akiwa mtu mwema kiasi gani. Kila kinachoandikwa baadaye kipitie kwako. Kurekodi, ikiwa hakuna ruhusa ya wazazi, achana nako. Na muwepo walimu wawili darasani muda wote.

Halafu, baada ya simu kukatwa, ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunapiga makofi, tunashukuru, tunarudi kwenye mada inayofuata. Osborne alirudi na swali maabara, basi na watoto wapate kitu cha kurudi nacho. Mwaka mmoja wanafunzi walimuuliza mtaalamu wa hali ya hewa kwa nini mvua inaweza kunyesha Mbagala, na Posta, katikati ya jiji, kukawa kukavu. Akawaeleza kuhusu mawingu yanayojijenga sehemu ndogo na upepo wa baharini, kisha akawarudishia: ninyi mko mitaa kumi tofauti, kwa nini msipime? Wakakata chupa za maji za lita moja na nusu pale zinapoanza kunyooka, wakageuza kichwa kuwa faneli. Chini ya chupa kuna vishimo vinavyoharibu kipimo, kwa hiyo wakaweka kokoto, wakamimina maji mpaka yafunike mabonde yote, wakachora mstari wa sifuri hapo. Rula ikafungwa pembeni kwa mpira. Milimita moja kwenye chupa ni sawa na lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba ya mtaa wao, na siku mtoto mmoja alipopiga hesabu ya paa la nyumba yao akaona ni ndoo ngapi zinamwagika bure kwenye mfereji, alirudi shuleni akiwa na daftari mkononi kabla hata ya kengele ya mstarini.

Baada ya wiki tatu za masika tulimtumia yule mtaalamu picha ya jedwali lao, mitaa kumi, siku ishirini na moja, kwa kalamu ya bluu na nyekundu. Nilitegemea shukrani. Jibu lake lilikuja usiku, nikalisoma darasani asubuhi: "Nimeona Tandika na Mtoni zinatofautiana sana siku ya tisa. Mlipima saa ngapi? Sisi tunapima saa tatu asubuhi kila siku. Na hiyo chupa ya Tandika, ilikuwa umbali gani kutoka ukutani?"

Mwenye chupa ya Tandika akainua mkono, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani kupima.